Nchi isiyo na kodi ya mapato: tupige hesabu ya kodi zote mbili kabla ya kuhama

Mwanzisha uzi (Tanga):

Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu.

Haupiti mwezi bila swali lile lile kurudi hapa jamvini kwa sura mpya: nihamie nchi gani ambako sitakatwa kodi? Majibu nayo huja upesi, Dubai, Doha, Maskati, Monaco, na mazungumzo huishia pale muulizaji anapoambiwa kuwa mshahara wake wote utaingia mfukoni. Nimeishi Dubai miaka sita, kuanzia 2013 hadi 2019, pamoja na mke wangu na watoto wawili, na tangu niliporudi Tanga kazi yangu ya uhasibu imenikutanisha na wengi walio ughaibuni wanaotaka kujua wanadaiwa nini na nani. Naandika kwa urefu kwa sababu nimeshuhudia familia zikiuza kiwanja ili zihamie nchi isiyo na kodi, kisha zikarudi bila kiwanja na bila akiba, na jambo hilo linaniuma.

Lugha yetu imebeba onyo ambalo tunalipita bila kulitazama. Neno kodi kwetu lina kazi mbili: ni ile inayotozwa na serikali, na ni ile inayotozwa na mwenye nyumba. Nchi nyingi za Ghuba zimeiondoa ya kwanza kwenye mshahara, lakini ya pili ipo pale pale, na kwa mtu mwenye familia hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama alihama kwa faida au kwa hasara.

Nianze na hesabu ya nyumbani. Tanzania, mwenye mshahara wa shilingi 3,000,000 kwa mwezi hukatwa kwanza asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 300,000, na kodi huhesabiwa kwenye 2,700,000 zinazobaki. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, kisha viwango hupanda kwa ngazi za asilimia 8, 20 na 25, na kila kinachozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Ukijumlisha zote utapata kodi ya shilingi 638,000, ambayo ni kama asilimia 21 ya mshahara. Si kidogo, na simlaumu mtu anayeitazama karatasi yake ya mshahara akatamani kwingine.

Sasa niwafungulie kaunta buku la mke wangu la mwaka 2018, ambalo tumelihifadhi hadi leo. Alikuwa anaandika kwa penseli, upande wa kushoto kinachoingia na upande wa kulia kinachotoka, na kila mwisho wa mwezi anapiga mstari chini kwa rula ya mtoto. Mshahara wangu ulikuwa dirhamu 12,000 kwa mwezi, ambazo kwa wakati ule zilizidi shilingi milioni 7, yaani 144,000 kwa mwaka, bila makato hata ya dirhamu moja. Kulia, mstari wa kwanza ni kodi ya nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Al Qusais: 66,000 kwa mwaka, zinazolipwa kwa hundi nne. Mstari wa pili ni ada za shule za watoto wawili: 36,000. Mstari wa tatu ni 3,300, na pembeni yake ameweka alama ya kuuliza, kwa sababu hadi wakati huo hatukuelewa fedha hiyo inakwenda wapi. Tulikuja kugundua kuwa ndani ya bili ya umeme na maji ya Dubai kuna tozo ya makazi, ambayo ni asilimia 5 ya kodi ya nyumba kwa mwaka, iliyogawanywa kwa miezi 12. Kwa hiyo serikali ilikuwa inatutoza kodi juu ya kodi, tena kupitia bili ya umeme.

Jumla ya mistari hiyo mitatu ni dirhamu 105,300. Zilizobaki ni 38,700 kwa mwaka, yaani 3,225 kwa mwezi, na humo ndimo zilimotoka chakula, umeme wenyewe, usafiri, bima ya afya ya mke na watoto, tiketi za kwenda nyumbani na fedha za wazazi. Kodi ya mwenye nyumba peke yake ilichukua karibu asilimia 46 ya mshahara uliosemwa hauna kodi. Najua mtu wa Dar es Salaam naye hupanga, kwa hiyo si haki kuzilinganisha tarakimu hizi kana kwamba nyumbani watu hulala bure. Lakini Tanga tulikaa katika nyumba ya familia, na watoto walisoma shule ya jirani. Gharama hizo mbili zilizaliwa siku tulipohama, na hakuna aliyenitajia hata moja.

Haki lazima isemwe pia upande wa pili. Kodi ya ongezeko la thamani katika Falme za Kiarabu, nchi iliyomo Dubai, ni asilimia 5 tangu 1 Januari 2018, ilhali Tanzania bara kwa kawaida ni 18 na Kenya ni 16. Kijana asiye na familia, anayekaa chumba kimoja na wenzake watatu na kula anachopika, anaweza kuweka akiba ambayo nyumbani angeikusanya kwa miaka mingi. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakijenga nyumba Chumbageni na Nguvumali, hapa Tanga, na heshima yao ni kubwa. Kwa kijana huyo nchi isiyo na kodi ya mapato ina faida ya kweli. Kwa baba wa watoto watatu wanaohitaji shule, jibu hubadilika kabisa.

Jambo la pili ni uzee. Makato tunayoyalalamikia nyumbani hayaendi yote serikalini. Sehemu yake ni akiba yako, na mwajiri huongeza yake mpaka mchango ufike asilimia 20. Katika Ghuba mgeni kwa kawaida hana pensheni. Ana kiinua mgongo, na watu wengi hawajui kinavyohesabiwa. Katika Falme za Kiarabu hulipwa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, lakini mshahara unaotumika ni ule wa msingi, bila posho ya nyumba wala ya usafiri. Mimi, kati ya zile 12,000, mshahara wa msingi ulikuwa 5,000 tu. Miaka sita ilinipa siku 135, na siku 135 zilinipa dirhamu 22,500. Lau ningechangiwa asilimia 20 ya mshahara wote kwa muda huo huo, zingekuwa 172,800. Nusu yake ingetoka kwangu mwenyewe, nakubali, lakini ningekuwa nimeiweka. Pale Dubai hakuna aliyenilazimisha kuweka, na kaunta buku linaonyesha kuwa sikuweka.

Niseme pia namna nilivyoondoka. Mwajiri wangu alipunguza wafanyakazi mwaka 2019, nami nikawa miongoni mwao. Kibali cha ukaazi kilikuwa cha ajira, na kilipofutwa nilikuwa na siku 30 za kupata kazi nyingine au kuondoka na familia nzima. Hundi mbili za kodi ya nyumba zilikuwa bado mkononi mwa mwenye nyumba, na kwa sheria ya wakati ule hundi isiyo na fedha ilikuwa kosa la jinai. Tuliuza friji, vitanda na gari kwa bei ya kutupa ili hundi zisirudi. Siku hizi muda wa kuondoka umeongezwa, na tangu Januari 2022 hundi nyingi zilizokosa fedha zimetolewa kwenye jinai, lakini msingi haujabadilika: mwenye kibali cha ajira ni mkaazi kwa muda ambao mwajiri anamtaka.

Jambo la tatu ndilo linalonifanya niandike leo, kwa maana watu wengi hawalijui kabisa. Kuhamia nchi isiyo na kodi hakukutoi moja kwa moja kwenye kodi ya nchi uliyotoka. Tanzania na Kenya humtoza mkaazi hata kwa mshahara anaoupata nje ya nchi, na neno mkaazi lina maana yake kisheria. Kwanza, ukiwa na makazi ya kudumu nchini, na ukakanyaga humo hata kwa siku chache ndani ya mwaka, wewe ni mkaazi wa mwaka huo. Pili, hata bila makazi, ukikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, wewe ni mkaazi. Tatu, ukiwepo nchini mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa siku zako ukazidi 122 kwa mwaka, wewe ni mkaazi.

Kigezo hicho cha tatu hunasa watu wema kabisa. Wastani wa siku 122 kwa miaka mitatu ni jumla ya siku 366. Chukua mtu aliyekaa nyumbani mwaka mzima, siku 365, kisha akahama tarehe 1 Januari. Mwaka wa kwanza akaja siku 10 za Idi, mwaka wa pili akaja siku 10 za harusi ya mdogo wake. Jumla ni siku 385, wastani ni 128, na kwa maandishi ya sheria bado ni mkaazi katika mwaka wake wa pili ughaibuni. Kama alikatwa kodi huko alikokwenda, kodi hiyo huweza kupunguzwa kwenye anachodaiwa nyumbani. Lakini kama huko hakukatwa kitu, basi hakuna cha kupunguza. Hapo ndipo nchi isiyo na kodi inapomwacha mtu bila kinga ambayo mwenzake aliye Sweden au Canada anayo.

Kwa hiyo anayehama ahame kweli. Nyumba ipangishwe kwa mkataba wa maandishi badala ya kufungwa ikakusubiri, mihuri ya pasipoti itunzwe, na huko unakokwenda uombe cheti cha ukaazi wa kikodi. Katika Falme za Kiarabu cheti hicho hutolewa na mamlaka ya kodi ya shirikisho, na kanuni zilizoanza 1 Machi 2023 zinataka siku 183 ndani ya miezi 12, au siku 90 kwa mwenye kibali cha ukaazi ambaye ana makazi ya kudumu au kazi huko. Msidhani kwamba akaunti ya benki ya nje itajificha, kwa maana nchi zaidi ya 100 zimeingia kwenye utaratibu wa kupashana habari za akaunti, na Falme za Kiarabu zinashiriki tangu 2018. Fomu ya benki inayokuuliza wewe ni mkaazi wa kikodi wa nchi gani ni ushahidi unaouandika kwa mkono wako.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji (Nairobi):

Shukrani nyingi, ndugu mwanzisha uzi. Hesabu ya siku 366 imenishtua, kwa sababu nilikuwa nimepanga kuondoka Januari na kurudi kila Desemba. Mimi ni mtunzi wa programu, sina mwajiri hapa. Mteja wangu yuko Ujerumani na hunilipa kama dola 3,800 kwa mwezi. Sijaoa bado. Hapa Kenya ngazi ya juu ya kodi ya mapato imefika asilimia 35 tangu Julai 2023, na ingawa mimi siifikii, napenda kujua kama mtu wa aina yangu aende Dubai au Mauritius.

Mwanzisha uzi:

Kaka, hali yako ni nyepesi kuliko yangu, kwa kuwa riziki yako inasafiri nawe na kibali chako hakitafungwa kwenye mguu wa mwajiri. Dubai wana kibali cha mwaka mmoja kwa anayefanya kazi ya nje kwa intaneti, na sharti ni kipato cha dola 3,500 kwa mwezi. Wewe unapita kwa dola 300 tu. Mteja akipunguza kazi kidogo, mwaka unaofuata huna sifa tena, na wakati huo utakuwa umeshalipa kodi ya nyumba ya mwaka.

Mauritius wana kibali cha mwaka mmoja kinachoweza kuongezwa, ambacho maombi yake hayana ada, na sharti la kipato ni dola 1,500. Mauritius ina kodi ya mapato ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 20. Hata hivyo, kwa mwenye kibali hicho mapato ya kazi anayoifanyia nje hutozwa pale yanapoingizwa nchini, na mamlaka yao ya mapato ilieleza kuwa matumizi ya kadi ya benki ya nje hayahesabiwi kuwa fedha iliyoingizwa. Kile usichokiingiza, huku ukikiweka kama akiba mahali pengine, hakitozwi huko. Ukikaa siku 183 katika mwaka, au jumla ya siku 270 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia, wanakutambua kuwa mkaazi wa kikodi. Kwa mtu wa dola 3,800 mimi ningeanza na Mauritius, nikaacha Dubai mpaka kipato kifike mahali ambapo mteja mmoja akiondoka sitetereki.

Na usirudi Desemba ya mwaka wa kwanza wala wa pili. Waombe wazazi wakutembelee wewe. Kama una nyumba Kenya, kumbuka jambo moja zaidi: ule utaratibu mwepesi wa asilimia 7.5 ya kodi ya pango kwa nyumba za kuishi ni wa wakaazi. Ukishakuwa si mkaazi, pango lako hukatwa asilimia 30, kwa hiyo mtu mwenye nyumba nyingi za kupangisha Nairobi anaweza kupoteza huku zaidi ya anachookoa kule.

Mchangiaji (Maskati):

Mwanangu, nimesoma maneno yako yote na nimefurahi. Mimi nimezaliwa Unguja, nimehamia hapa miaka ya sabini, na wajukuu wangu wanazungumza Kiswahili na Kiarabu mezani pamoja. Watu wa pwani huniuliza sana kuhusu Oman, kwa kuwa hapa hawatakosa wa kuzungumza naye wala wa kumpikia pilau. Lakini waambie wenzako habari hii: kwa amri ya Sultani namba 56 ya mwaka 2025, kodi ya mapato ya mtu binafsi itaanza hapa 1 Januari 2028. Ni asilimia 5, na hutozwa kwenye kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka. Hakuna nchi nyingine ya Ghuba iliyofanya hivyo kabla yetu. Kodi ya ongezeko la thamani tulianza Aprili 2021, nayo ni asilimia 5.

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kutujuza, maana habari hiyo imewatisha wengi bila sababu. Riali 42,000 kwa mwaka ni riali 3,500 kwa mwezi, na walimu, wauguzi na wahasibu wetu walio Maskati wengi wao hawafiki hapo. Mwenye mshahara wa riali 900 asiache kwenda Oman kwa kuiogopa kodi ambayo haitamgusa. Kwa mtu wa pwani ningeongeza kuwa kuwa karibu na watu wanaokujua kuna thamani ambayo haiandikwi kwenye kaunta buku lakini huonekana siku unapougua.

Ila amri hiyo inatukumbusha kuwa sheria za kodi hazikai mahali pamoja. Bahrain walianza na asilimia 5 ya ongezeko la thamani mwaka 2019, na kufika Januari 2022 ikawa 10. Saudia walianza na 5 mwaka 2018, na Julai 2020 ikawa 15. Ureno ilikuwa na mpango maarufu wa nafuu kwa wageni tangu 2009, ukafungwa kwa waombaji wapya baada ya 2023, ukiacha kipindi kifupi cha mpito na mpango mwembamba zaidi. Uingereza imefuta tarehe 6 Aprili 2025 utaratibu uliowanufaisha kwa vizazi wakaazi ambao asili yao ni nje. Thailand nayo, tangu 1 Januari 2024, huwatoza wakaazi wake mapato ya nje wanayoyaingiza nchini, hata kama yaliingizwa mwaka mwingine na ule yalimopatikana. Atakayechagua nchi kwa ajili ya kanuni moja tu ya kodi ajiulize atabaki pale kwa sababu gani siku kanuni hiyo ikibadilishwa.

Kuhusu Saudia, naomba wenye familia wasikilize. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, lakini mgeni anayefanya kazi katika sekta binafsi hulipia kila tegemezi wake riali 400 za Saudia kwa mwezi. Mke na watoto watatu ni riali 1,600 kwa mwezi, sawa na 19,200 kwa mwaka, na fedha hiyo hudaiwa hata kama mshahara ni mdogo. Babu zetu waliijua vizuri kodi ya kichwa, na hii haina tofauti kubwa nayo. Monaco nimeitaja juu kwa sababu watu huitaja. Haijatoza wakaazi wake kodi ya mapato tangu 1869, isipokuwa Wafaransa, lakini ni nchi ya kilomita za mraba mbili hivi na nyumba zake ni miongoni mwa ghali kabisa duniani. Tuiache.

Mchangiaji (Minnesota):

Kaka, samahani kwa kuingilia. Mimi ni muuguzi, nina grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, kwa miaka tisa sasa, na hospitali moja ya Doha imenipa kazi. Nilidhani nikishaondoka Marekani nimemalizana nao. Je, nimekosea?

Mwanzisha uzi:

Dada yangu, usitie saini kwanza. Marekani humtoza raia wake na mwenye grini kadi popote alipo duniani; kwa hilo karibu haina mwenzake, ingawa Eritrea nayo huwadai raia wake walio nje asilimia 2. Ukiwa Doha utaendelea kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, kila mwaka. Kuna nafuu kwa mapato ya kazi: kwa mwaka 2025 dola 130,000 za mwanzo zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, ikiwa umekaa nje ya Marekani siku 330 kamili ndani ya miezi 12 mfululizo, lakini nafuu hiyo hupatikana kwa kuiomba ndani ya ritani. Akaunti zako zote za nje zikifika pamoja zaidi ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, unatakiwa kuziripoti pia, na adhabu ya kutoripoti ni kali.

Miaka yako tisa ina uzito wa pekee. Mwenye grini kadi kwa miaka 8 kati ya 15 ya mwisho huhesabiwa mkaazi wa muda mrefu, na akiirudisha kadi anaweza kuingia kwenye sheria ya kodi ya kuondoka, kutegemea mali yake na kama ritani zake za miaka mitano zimenyooka. Upande mwingine, ukikaa nje muda mrefu, maofisa wa mpakani wanaweza kusema umeyaacha makazi yako. Zungumza na mtaalamu wa kodi na wakili wa uhamiaji kwa pamoja, maana jibu linalomfurahisha mmoja huweza kuharibu kazi ya mwingine. Kama uraia uko karibu, ningemaliza hilo kwanza, huku nikijua kuwa uraia hautaondoa wajibu wa ritani.

Mchangiaji (Morogoro):

Nasoma kwa huzuni kidogo. Sisi tuliobaki ndio tunaolipa barabara na zahanati, kisha ndugu zetu wanafundishana namna ya kutolipa.

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, huzuni yako ina msingi. Sifundishi mtu kuficha. Ninachotaka ni kila mtu ajue anadaiwa wapi na alipe hapo, na akiwa hadaiwi awe na karatasi ya kuonyesha. Mtu aliyeondoka kweli hatumii zahanati ya Morogoro mwaka ule, na fedha anayomtumia mama yake hununua dawa humo humo. Nyumba yake nayo inaendelea kulipa, kwani tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme wa luku, ule unaolipiwa kabla, na nilipokuwa napitia hesabu za mteja wangu mmoja aliye Doha niliona mama yake amekuwa akiilipa kila anaponunua umeme. Ninayempinga pamoja nawe ni yule anayeishi Dar es Salaam miezi kumi, akatembeza kibali cha ukaazi cha Dubai kama ngao. Huyo ni mkaazi wa Tanzania, na anadaiwa Tanzania.

Mchangiaji (Dar es Salaam):

Ndugu mwanzisha uzi, nimechelewa kuuona uzi huu lakini umenikuta mahali penyewe. Nina barua ya ajira ya Doha mkononi, riali 11,000 za Qatar kwa mwezi. Sijaoa, na mwajiri atanipa chumba. Hakuna kodi ya mapato na hadi sasa hawajaanza kodi ya ongezeko la thamani. Nimetazama mshahara wa msingi kama ulivyoeleza na nimekuta ni 4,000, nyingine zote ni posho. Je, hilo linaweza kubadilishwa, au nikae kimya nisije nikaipoteza kazi?

Mwanzisha uzi:

Mdogo wangu, omba sasa kabla ya saini, kwa maana baada ya saini hakuna atakayekusikiliza. Qatar kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka. Kwa 4,000 hiyo ni riali 2,800 kwa mwaka. Kwa 7,000 ingekuwa 4,900. Huombi nyongeza ya jumla, unaomba riali 11,000 zile zile zipangwe upya, kwa hiyo mwajiri haongezi kitu kwenye mshahara wa mwezi. Andika kwa adabu, barua fupi, utaje tarakimu unayoitaka. Kwa kuwa huna kodi ya nyumba wala ada za shule, wewe ndiye hasa niliyekuwa namzungumzia pale juu. Jiwekee asilimia 20 ya kila mshahara siku ile ile unapoingia, kabla hujamtumia mtu yeyote, hata mimi nikikuomba.

Mchangiaji (Dar es Salaam):

Nimewaandikia Jumatatu nikiomba 7,000, na leo wamejibu. Wamekubali 6,000, jumla inabaki 11,000. Kwa hesabu yako ni riali 4,200 kwa mwaka. Natia saini kesho asubuhi, na nimeshanunua kaunta buku.